Mapitio, Uhakiki au Ukaguzi? Kupanga na Kulinganisha Majibu ya Akili Mnemba katika Nyaraka za Kisheria

Marekebisho ya mwaka 2021 ya Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania. Tangu hapo wafasiri wanaulizwa mara kwa mara waite nini kazi ya kusoma jalada zima la shauri, waraka kwa waraka, ili kubaini upi unahusu madai na upi hauhusu. *Ukaguzi* umekwisha kushikwa na mahesabu ya Serikali. *Uhakiki* humkumbusha Mtanzania uhakiki wa vyeti vya watumishi, na mwanafunzi wa fasihi humkumbusha jambo jingine kabisa. *Upekuzi* ni wa polisi. Lililobaki, na linalofaa, ni *mapitio ya nyaraka*. Programu inapoisaidia kazi hiyo, husemwa *mapitio kwa akili mnemba*; wapo wanaopendelea *akili unde*, na hakuna ubaya, mradi kazi moja isitumie maneno yote mawili.

Ugumu halisi huanza pale majibu ya programu yanapowekwa katika jedwali na kulinganishwa na ya programu nyingine, au na ya msomaji binadamu. Mashauri ya ardhi ya Mkoa wa Pwani ni mfano mzuri. Jalada la mgogoro wa shamba la Kibaha au Kisarawe laweza kuwa na mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono, hati ya hakimiliki ya kimila iliyotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, hati ya kiapo, ramani, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Lebo ya “hati” peke yake haitoshi hapo, kwa kuwa inakusanya karibu nusu ya jalada. Na “muhtasari” ni mtego. Kijijini, muhtasari ni kumbukumbu za mkutano, yaani ushahidi wenyewe. Katika programu, ni maelezo mafupi yaliyotungwa na mashine. Mfasiri asiyewaza huishia na “muhtasari wa muhtasari”. Ni afadhali neno hilo liachiwe kijiji, na kazi ya mashine iitwe *ufupisho*.

Kila safu ya jibu katika jedwali iwe na safu jirani inayobeba maneno ya waraka kama yalivyoandikwa, pamoja na namba ya ukurasa. Sharti hili si urasimu. Katika Kiswahili, haki ya mtu mara nyingi hukaa katika silabi moja ya kitenzi: *aliuza* shamba ni muuzaji, *aliuziwa* ni mnunuzi. *Alikodi* ni mpangaji na *alikodisha* ni mwenye mali, ingawa katika mazungumzo wengi husema “nimekodisha nyumba” wakimaanisha wamepanga. *Kuazima* kwaweza kuwa kutoa au kupokea, na muktadha pekee ndio unaoamua. Jedwali linaloandika tu “mauzo: ndiyo” limeitupa sehemu yenye shauri. Hali ni hiyo hiyo kwa *mdai* na *mdaiwa*, *mrufani* na *mrufaniwa*: nakala iliyoskaniwa vibaya ikimeza “-wa” mwishoni mwa mstari, wadaawa wamebadilishana viti.

Vipimo navyo vinahitaji safu yao. Watu wengi husema na kuandika *heka* wakikusudia ekari, lakini programu yaweza kulisoma neno hilo kama hekta, ambayo ni takribani ekari 2.47. Heka 300 za mwanakijiji ni kama hekta 121. Sheria Na. 5 inapohusu kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, eneo lisilozidi hekta 250 huamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, na linalozidi huamuliwa na Waziri. Kwa hiyo kosa la kipimo laweza kumpeleka msomaji kwenye mamlaka isiyo yake. Kisarawe, ambako ardhi ya zaidi ya hekta 8,000 katika vijiji 11 iliwahi kutolewa kwa kilimo cha mbono wa mafuta, jambo hili si la kubuni. Jina lenyewe pia hupotosha: anayetafuta “Kisarawe” huletewa na Kisarawe II, kata ya Kigamboni, Dar es Salaam. Anayetafuta “Kibaha” hana budi kutofautisha halmashauri ya mjini na ile ya wilaya.

Majibu yakishapangwa, yalinganishwe kwa vipimo viwili visivyochanganywa. *Usahihi* huuliza: kati ya nyaraka zilizochaguliwa, ngapi zilistahili? *Ukamilifu* huuliza: kati ya zilizostahili, ngapi zilichaguliwa? Chukua jalada la kufikirika lenye nyaraka 160 zinazohusika. Programu ikichagua 100, na 80 kati yake zikawa ndizo, usahihi ni asilimia 80, ukamilifu asilimia 50 tu. Tangazo la biashara litataja ile ya kwanza. Wakili anayeogopa mkataba uliobaki nje ataitazama ya pili. Ili kuijua, lazima sampuli ya nyaraka *zilizoachwa* isomwe na mtu asiyeoneshwa mashine ilisema nini, maana akiliona jibu kwanza huelekea kulikubali.

Programu mbili zikipingana, si vema kuhesabu kura. Safu ya tofauti ieleze chanzo: ni neno, ni kipimo, ni jina, au ni maandishi? Baada ya nyaraka kadhaa, kundi moja laweza kuanza kuzidi mengine, na katika mikataba ya mkono laweza kuwa lile la maandishi.

Kuhusu nafasi tupu, jedwali lisiweke “hakuna” kila mahali. *Haikutajwa* ina maana kwamba waraka umesomwa na mpaka wa shamba haumo. *Haisomeki* ina maana kwamba labda umo, karibu na ule mkorosho uliotajwa, chini ya doa la wino, na mtu anapaswa kuifuata nakala halisi ofisi ya kijiji.