Marafiki wa Ughaibuni: Tukae Nao Vipi?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, kijana anapopata nafasi ya kwenda kusoma nchi za nje, nyumba nzima hushughulika. Hutafutwa pasipoti, viza, nauli na ada. Lakini ni nadra kuulizwa: huko aendako atakaa na nani? Katika makala hii tutalieleza jambo hili kwa mfano wa Malaysia, nchi ambayo vijana wa pwani yetu wamekuwa wakienda kusoma, na sisi tukiwa miongoni mwao.

Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu cha Malaysia kilianzishwa mwaka 1983. Kipo Gombak, pembezoni mwa Kuala Lumpur, na masomo yake ni kwa Kiingereza na Kiarabu. Mabweni yake huitwa mahallah, na mengi yamepewa majina ya watu wema waliotangulia, kama Bilal na Aminah. Humo utaishi na Mmalay, Mnigeria, Mbangladeshi, Mturuki na Msomali. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 13, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Mahali kama hapo ndipo agizo hilo linapotakiwa kutendwa.

Kuna njia mbili za kuharibikiwa: kujifungia na kujiachia.

KUJIFUNGIA

Mwanafunzi mgeni huwatafuta watu wa kwao. Hilo si baya, kwani ukiugua au ukifiwa, hao ndio watakaokuja mwanzo. Ubaya ni kula nao, kusoma nao na kubarizi nao peke yao kwa miaka minne. Mtu huyo hurudi na cheti, lakini Kiarabu chake ni kile kile alichoondoka nacho, na watu wa dunia hakuwajua. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na huwezi kumuuliza mtu usiyekaa naye.

ANZA NA MNAYOFANANA

Tangulia wewe kutoa salamu, usingoje. Kisha utashangaa namna mnavyokaribiana. Mmalay akikujulia hali husema "apa khabar", nawe unaisikia "habari" humo ndani. Dunia kwao ni dunia, sabuni ni sabun, wakati ni waktu, na bendera ni bendera. Chakula chao maarufu, nasi lemak, ni wali wa nazi, unaoliwa kwa dagaa wa kukaanga, njugu, yai na pilipili.

Hata darasa ni moja. Safinatun-Najaa inayosomeshwa katika madrasa zetu husomeshwa pia huko, na mwandishi wake, Sheikh Salim bin Sumayr wa Hadhramaut, alifia Batavia, mji uitwao leo Jakarta. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wakifuata madhehebu ya Imam Shafii, na baadaye akamkuta sultani wa Sumatra naye ni Shafii. Bahari hii imetuunganisha zamani.

HESHIMU MNAYOTOFAUTIANA

Wamalay hupeana mikono kwa kugusana kidogo, kisha mkono hurudishwa kifuani. Usidhani umedharauliwa kwa kutobanwa mkono. Huvua viatu mlangoni kama sisi. Huelekeza kwa kidole gumba, kwani kumnyooshea mtu kidole cha shahada ni utovu wa adabu. Kichwa cha mtu hakiguswi kwa mzaha.

Katika Sala nako utaona mapya. Mwenzako Mnigeria wa madhehebu ya Maliki huenda akasimama akiwa ameachia mikono, na Mturuki wa Hanafi hasomi Qunut katika Sala ya Alfajiri. Mwanafunzi wa kitabu kimoja huona hao wamekosea, naye akaanzisha ubishi chumbani. Huo si ujuzi. Maimamu hao ni wakubwa na dalili wanazo. Muulize mwenzako kwa adabu, naye akuulize.

Malaysia pia ina Wachina na Wahindi wengi wasio Waislamu, nao ni jirani na wanafunzi wenzako. Katika mwezi wa Shawwal Wamalay hufungua nyumba zao, na watu wa dini zote huja kula. Siku yenu ya pilau nanyi waiteni. Na mtu akikuuliza kama Afrika ni nchi moja, usikasirike. Mjibu kwa upole, kwani nawe huenda ukamwita Mchina mtu ambaye ni Muislamu wa Pattani, kusini mwa Thailand.

MIPAKA ISEMWE MAPEMA

Kujiachia huanza kidogo kidogo, kwa kuona haya kusema "hapana". Mwambie rafiki yako tangu siku za mwanzo: mimi sinywi pombe, nyama naila yenye alama ya halali, Sala ikifika naomba ruhusa, na sikai faraghani na asiye maharimu wangu. Aliyeambiwa mapema hukuheshimu, na mara nyingi yeye ndiye atakayekukumbusha wakati wa Sala. Anayekukimbia kwa hilo, mwache aende.

Katika jambo hili moja hakuna kuoneana haya: usibebe mzigo wa mtu uwanja wa ndege, hata awe rafiki wa chumba kimoja. Malaysia iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo mwaka 2023, lakini mfanyabiashara wa dawa za kulevya bado anaweza kuhukumiwa kifo. Vile vile usimwazime mtu kadi wala akaunti yako ya benki. Fedha za wizi zikipita humo, jina litakaloonekana ni lako.

KWA WAZAZI

Wazazi wetu, mnapopiga simu msiulize mitihani peke yake. Ulizeni: unakula na nani? Nani alikutazama ulipougua? Mjueni rafiki yake kwa jina, mpelekeeni salamu. Na kumbukeni saa: Malaysia imetutangulia kwa saa tano, na simu ya saa nne usiku kwenu ni ya saa tisa usiku kwake.

Mtume (S.A.W.) alimfananisha rafiki mwema na muuza miski: hata usiponunua, utapata harufu nzuri. Basi tuwatafute marafiki wa namna hiyo katika kila taifa, na sisi wenyewe tuwe miski kwao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walio safarini na awarudishe na elimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi tawfiq.