Antivirusi ya bure: anayelipa ni nani?

Februari 2024, FTC, tume ya Serikali ya Marekani inayolinda haki za walaji, iliitaka kampuni ya Avast ilipe dola milioni 16.5. Kosa lenyewe linamhusu kila mwenye kompyuta nyumbani. Avast ilijipatia jina duniani kwa antivirusi yake ya bure, na iliwaahidi watumiaji kwamba itawakinga dhidi ya wanaofuatilia nyendo zao mtandaoni. Kumbe kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa ikiuza kumbukumbu za kurasa walizotembelea watumiaji haohao kwa zaidi ya wateja 100. Kurasa unazofungua husema mengi: ugonjwa unaokusumbua, dini yako, msimamo wako wa siasa, hali ya mfuko wako. Jumpshot ilifungwa Januari 2020, baada ya waandishi wa habari kuifichua biashara hiyo.

Mlinzi akija kulala langoni kwako bila kudai mshahara, utamuuliza anakula wapi. Swali hilohilo linaifaa kila programu ya usalama inayotolewa bure. Kuna kampuni inayotoa toleo la bure ikitumaini kwamba baadaye utanunua la kulipia. Kuna inayokuonyesha matangazo. Kuna inayouza taarifa zako. Na kuna ile ambayo imekwisha kulipwa kwa njia nyingine, hivyo kukulinda ni sehemu ya bidhaa uliyonunua. Ulinzi mzuri wa bure upo, na kwa familia nyingi unatosha. Linalotakiwa ni kujua umeupata kwa nani na kwa sharti gani.

Ulinzi uliomo tayari

Ukinunua laptopu, iwe mpya au iliyotumika, fundi atakuuliza, "Nikuwekee antivirusi?" Wengi hukubali na kutoa hela. Kabla ya kukubali, mwulize nawe: "Windows hii ina leseni halali, na inapokea masasisho?" Maana Windows 10 na 11 zote huja na Microsoft Defender, antivirusi kamili ambayo gharama yake imo ndani ya Windows yenyewe.

Zamani Defender ilidharauliwa, lakini hali imebadilika. Maabara huru ya AV-TEST, iliyoko Magdeburg, Ujerumani, huzipima antivirusi kwa mambo matatu: uwezo wa kuzuia virusi, wepesi wa kompyuta, na kutopiga kelele za uongo juu ya faili salama. Kila jambo lina alama 6, na Defender mara nyingi imezoa zote 18.

Hata hivyo ina udhaifu unaotugusa sisi. Ili kutambua kirusi kipya, Defender huulizia sana kwa mitambo ya Microsoft kupitia intaneti. Vipimo vya maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, vimeonyesha kwamba mtandao usipokuwapo, uwezo wake hushuka chini ya ule wa baadhi ya washindani. Palipo na bando la kuungaunga, hilo ni jambo zito. Kabla ya kuchomeka flashi ya mtu, washa kwanza data, hata ya simu.

Fungua pia Windows Security na utafute sehemu ya kujikinga na programu zinazoteka faili na kudai fidia. Humo mna kipengele kinachozuia programu ngeni zisiguse folda zako za nyaraka na picha. Kwa kawaida huja kikiwa kimezimwa. Kiwashe, na kikiizuia programu unayoiamini, iruhusu hiyo peke yake.

Majina mengi, mwenyewe mmoja

Wanaotaka kitu kingine huulizana: nichukue Avast, AVG au Avira? Majina ni matatu, mmiliki ni mmoja. Avast iliinunua AVG mwaka 2016. NortonLifeLock nayo ikaichukua Avira, kisha mwaka 2022 ikaungana na Avast yenyewe, na kampuni iliyozaliwa ikaitwa Gen Digital. Aliyekasirishwa na habari za Jumpshot akahamia AVG, hajahama.

Hizo si programu mbovu katika kukamata virusi. Maabara hizohizo huzipa alama za juu. Lakini ukiichagua mojawapo, ingia kwenye mipangilio, soma sehemu ya faragha, na ukatae popote panapoombwa ruhusa ya kushirikisha taarifa zako na kampuni nyingine. Jiandae pia kwa madirisha yanayokuhimiza ununue toleo la kulipia. Bitdefender ya Romania nayo ina toleo la bure, ila sharti ufungue akaunti.

Usiweke antivirusi mbili zinazolinda muda wote. Zitagombana, na kompyuta itaelemewa. Ukishuku kwamba kuna kitu kimepenya, toleo la bure la Malwarebytes linafaa kwa kazi moja: unaliita, linakagua, linasafisha. Halikulindi saa zote, kwa hiyo lisiwe tegemeo lako la pekee. Na chochote unachopakua, kichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ukurasa ukikurukia na onyo kwamba kompyuta yako ina virusi vitano na upige namba fulani, funga kivinjari. Antivirusi ya kweli haikutaki upige simu.

Flashi na kraki

Kompyuta ya steshenari hupokea flashi za watu kutwa nzima, na ndipo kirusi cha shotikati kinapostawi. Huficha folda zako halisi, kisha huweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, na kirusi kinajipenyeza nyuma yake bila wewe kuona lolote. Wengi hudhani kazi zao zimefutika, wakaifomati flashi na kuzipoteza kwelikweli. Mara nyingi faili zimo humohumo. Ikague flashi kwa antivirusi, kisha iamuru Windows ionyeshe faili zilizofichwa. Iamuru pia ionyeshe mwisho wa majina ya faili, ili "risiti.pdf.exe" isijifanye risiti.

Hatari kubwa zaidi tunajiletea wenyewe kwa kraki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila leseni. Maelekezo ya programu za wizi mara nyingi huanza na sharti moja: zima antivirusi kwanza. Unayemtii hapo humjui, na umempa kompyuta nzima, pamoja na nywila za barua pepe na benki. Kama huna fedha ya Microsoft Office, LibreOffice ni ya bure, halali, na inaandika barua na kupiga hesabu vizuri. Watoto nao wafungulie akaunti zao zisizo na mamlaka ya msimamizi, ili mchezo uliookotwa mtandaoni usiweze kuichezea mipangilio ya kompyuta nzima.

Windows iliyoachwa

Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa siku moja, kikafunga faili na kukwamisha hospitali nyingi za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu kilimopenyea Machi 14, takriban miezi miwili kabla. Walioliweka walikuwa wameufunga mlango huo.

Ndiyo sababu kompyuta yenye Windows 7, iliyokoma kutunzwa Januari 2020, haiokolewi na antivirusi yoyote. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wake Oktoba 14, 2025. Microsoft imeahidi kwamba Defender itaendelea kupokea taarifa za virusi vipya humo hadi Oktoba 2028, na hapa wengi watajidanganya: ikoni itabaki ya kijani huku matundu ya mfumo wenyewe yakibaki wazi. Jiandikishe katika mpango wa nyongeza wa masasisho, unaofika Oktoba 2026, na muda huo utumie kujipanga. Laptopu nyingi zilizotumika haziikubali Windows 11, kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane au zaidi. Kwa hizo, Linux Mint ni mfumo wa bure unaopokea masasisho na hauhitaji mashine yenye nguvu nyingi.

Kwa hiyo anza na masasisho, kisha hakikisha Defender imewaka, kisha ng'oa kraki zote. Fedha uliyokusudia kununulia antivirusi, inunulie diski ya nje. Nakili humo picha na nyaraka zako kila mwezi, kisha uichomoe, kwa sababu diski iliyochomekwa hutekwa pamoja na kompyuta. Hakuna antivirusi, ya bure wala ya kulipia, inayoweza kukuahidi kwamba faili zilizofungwa na watekaji zitafunguka tena. Nakala uliyoitenga haihitaji ruhusa yao.