Msikiti wa Ijumaa wa Malé: Mawe Kutoka Baharini, Mbao Zenye Nakshi

Kamati nyingi hutuuliza jinsi ya kutunza majengo ya ibada ya zamani. Safari hii tunajifunza kutoka Malé, mji mkuu wa visiwa vya Maldivi katika Bahari ya Hindi.

Watu wa Maldivi waliupokea Uislamu mwaka 1153. Msikiti wa Ijumaa uliopo sasa ulikamilika mwaka 1658, wakati wa Sultani Ibrahim Iskandar wa Kwanza, na mnara wake ukajengwa mwaka 1675.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe. Yalikatwa baharini yakiwa bado laini, yakachongwa, yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Mafundi wa pwani yetu nao waliijua kazi hiyo. Mawe yaliunganishwa bila chokaa: moja lina ulimi, la pili lina mfereji wa kuupokea, kama mbao za seremala.

Ndani, mbao ndizo zinazotawala. Nguzo, milango na dari iliyopanda kwa ngazi vimejaa nakshi na rangi zinazong'aa. Upo pia ubao mrefu wa karne ya 13, wenye maandishi yaliyochongwa kuhusu kuingia kwa Uislamu visiwani.

Jiwe huvumilia, lakini mbao huharibiwa na unyevu, mchwa na paa linalovuja. Mwaka 1987 na 1988 wataalamu kutoka India walisaidia kuukarabati msikiti huu. Mwaka 2013 misikiti 6 ya matumbawe ya Maldivi, huu ukiwemo, iliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO ya kupendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Hata hivyo, si yote iliyosalimika. Msikiti wa Kalhuvakaru, pia wa Malé, ulifumuliwa mwaka 2018 kupisha mradi wa bustani, na wengi walisikitika. Mawe yasiyo na chokaa yanaweza kufumuliwa na kupangwa upya, lakini anahitajika fundi anayejua kila jiwe lilikaa wapi.

Kwa kamati zetu, funzo ni hili: zibeni paa kwanza. Kabla ya kuondoa ubao wowote, upigeni picha na kuupa namba. Na fundi mzee angali hai, mpeni kijana wa kufundisha. Jengo likibomoka hujengwa tena. Ujuzi ukizikwa, nani ataufukua?