Mashemeji Ugani: Majina na Misemo ya Uwanja wa Barabara ya Jogoo

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Shabiki wa kandanda atokaye Kisumu au Kakamega kuifuata timu yake hadi Nairobi ni mgeni wa namna hiyo: huja na vifijo, huja na pesa za chakula na nauli, tena huja na utani. Hata hivyo, ugeni una masharti yake. Makala haya yananuia kueleza jinsi majina na misemo inayouzunguka uwanja mkongwe wa Barabara ya Jogoo inavyomfunza shabiki huyo historia ya mahali na wajibu wake.

Kutoka Majengo hadi Langoni

Njia njema ya kuufahamu uwanja huu ni kuanzia Majengo, katika Pumwani. Serikali ya kikoloni ilianzisha makazi hayo katika miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika waliokuwa wakiishi katika vijiji vya awali vya Nairobi, vikiwemo Mji wa Mombasa, Masikini na Kaburini. Nyumba zake zilifuata mtindo wa Waswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Wapangaji wa makabila mbalimbali waliishi chini ya paa moja, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuulizana hali na kudaiana kodi.

Ukielekea kusini unaingia Shauri Moyo, mtaa uliowapokea wakazi wa Pangani kijiji chao kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Ukipita soko la Burma, uwanja uko mbele yako. Shabiki ashukaye katika kituo cha mabasi cha Machakos hufuata Barabara ya Landhies na kufika papo hapo.

Uwanja Wenye Majina Mengi

Wakati wa ukoloni uga huu uliitwa African Stadium. Jina hilo lilitangaza ubaguzi waziwazi: Waafrika walitengewa mahali pa kuchezea kama walivyotengewa mitaa ya kulala. Uliwahi pia kujulikana kwa jina la barabara, Donholm. Barabara hiyo ilipoitwa Jogoo, ndege aliyekuwa alama ya chama cha KANU, uwanja nao ukafuata. Baadaye ukawa City Stadium, na baada ya kifo cha mchezaji Joe Kadenge mnamo Julai 2019, ukapewa jina lake.

Kadenge aliichezea Abaluhya pamoja na timu ya taifa, na sifa zake zilienezwa na redio kwa maneno matatu: Kadenge na mpira. Kisarufi, kauli hiyo ni ya kuvutia. Kiambishi cha nafsi kimedondoshwa, hivi kwamba “Kadenge ana mpira” ikawa “Kadenge na mpira”. Ufupi huo ulitokana na haja, kwani mtangazaji akirefusha sentensi, mpira huwa umekwisha kumpita. Msikilizaji aliyekuwa mbali na Nairobi aliuona mchezo kwa masikio yake. Hivyo basi, shabiki msafiri anapofika hapa leo, anafika mahali ambapo wazee wake huenda walipajua kwa lugha tu.

Shemeji ni Nani?

Wageni wengi wa uwanja huu walikuja kwa ajili ya timu mbili. AFC Leopards iliasisiwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, ikabadilishwa jina mwaka 1980 serikali ilipokataza majina ya kikabila katika michezo. Gor Mahia iliundwa mwaka 1968 kwa kuunganishwa kwa Luo Union na Luo Stars. Mchuano wao huitwa mchuano wa mashemeji, kwa kuwa Wajaluo na Waluhya ni majirani waliooleana tangu zamani.

Neno hilo halikuchaguliwa ovyo. Shemeji ni ndugu wa mke au wa mume. Hakuzaliwa nyumbani kwako, lakini si mtu baki. Unaruhusiwa kumtania hadi akose la kusema, huruhusiwi kumdhuru. Katika lugha nyingine wapinzani huitwa maadui au mahasimu. Hapa wameitwa kwa jina la ukoo, na jina la ukoo huja na deni.

Deni hilo limewahi kukosa kulipwa. Mechi kubwa zilikuwa zimehamia viwanja vipya, Nyayo uliofunguliwa mwaka 1983 na Kasarani mwaka 1987. Mnamo Oktoba 2010, timu hizi zilipokutana Nyayo, mashabiki 7 walikufa katika msongamano langoni. Hawakuuawa na mpinzani aliyewachukia. Waliuawa na haraka ya wenzao waliotaka kuingia kwa pamoja.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba shabiki msafiri anahitaji zaidi ya tiketi na jezi. Anahitaji kulijua jina analoitwa. Anayeitwa shemeji hufika mapema, hupanga foleni, humpisha mzee na mtoto, na timu yake ikifungwa huyavumilia masimango hadi mkondo wa pili, zamu yake ya kusimanga itakapowadia. Wanafunzi wa Kiswahili nao wana kazi hapa: misemo ya mpira haina budi kukusanywa na kufafanuliwa kama zifanyiwavyo methali, maana ndani yake mna kanuni ambazo watu wamejiwekea wenyewe.