Ajali Nazo Zina Kinga
Mtoto akiugua malaria hapa Eldoret, twakimbilia daktari na chandarua. Akigongwa na gari, twasema siku yake ilikuwa imefika. Kauli hiyo naipinga.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ni wanafunzi wetu. Lau yangekuwa maradhi ya kuambukiza, shule zingalifungwa.

Chanzo chajulikana: mwendo ukizidi mara mbili, nishati ya kishindo huongezeka mara nne. Kinga nayo yajulikana. Mwaka 2004 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alizilazimisha matatu ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Abiria walifunga mikanda. Baadaye usimamizi ukalegea.

Barabara kuu iendayo Uganda yapita katikati ya mji wetu, na bodaboda hupakia wanafunzi watatu bila helmeti. Wahusika na waweke matuta na vivuko karibu na shule. Nanyi walimu, hesabu ya kishindo ifundisheni ubaoni kabla madaktari wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hawajaifundisha wodini.