Tundu lisilovuja kwenye tiyo

Mara nyingi tunakuta tiyo ya milimita 50 imetengenezwa kwa kipande cha 25 katikati. Watu wanatuambia: pale pembamba maji yanabanwa, basi presio ni nyingi. Hapana, iko kinyume.

Maji yote yanayoingia lazima yapite. Kipenyo kikipunguka nusu, nafasi inabaki robo, na maji yanakimbia mara nne. Nguvu ya kuongeza mbio inatoka wapi? Katika presio yenyewe. Daniel Bernoulli alieleza mambo ya namna hii katika kitabu chake cha 1738. Kama maji yalienda metre 1 kwa sekunde, sasa yanaenda 4, na presio imeshuka sawa na kimo cha maji cha sentimita 75 hivi.

Kama tangi liko chini-chini, presio pale inaweza kuwa ndogo kuliko ya hewa. Hapo tundu halivuji, linanyonya. Tunaona pakavu, tunasema tiyo ni nzima. Kumbe inavuta matope, ao dawa ya wadudu iliyomwagika kando, na kule mbele mama anajaza bidoni ya kunywa!

Kwa kupima, mimineni maji kidogo safi juu ya tundu wakati robine iko wazi. Yakipotea ndani, fungeni robine mara moja na muweke kipande cha 50. Kufunga tundu kwa mpira ni kwa siku mbili tatu tu. Na dawa tuichanganyie mbali na tiyo.