Je, Wajua? Makaa ya Kiwira yalifuatwa chini ya ardhi

Mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, kusini-magharibi mwa Tanzania, ulijengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 1988. Wachimbaji walikata vyumba ndani ya tabaka la makaa na kuacha nguzo za makaa yenyewe zibebe paa. Katika migodi ya aina hiyo, feni kubwa husukuma hewa ili gesi ya methani isijikusanye na kulipuka. Tofauti na hapo, mgodi wa makaa wa Ngaka, mkoani Ruvuma, ulioanza uzalishaji mwaka 2011, huchimbwa kwa shimo la wazi. STAMICO, shirika la madini la taifa, hutumia makaa ya Kiwira kutengeneza Rafiki Briquettes, nishati ya kupikia inayokusudiwa kupunguza matumizi ya mkaa wa miti, ambao bado hutumika sana Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam.